Maswali ya Wasomaji: Nakshi na Chuma Vizeeke Pamoja

Toleo lililopita tuligusia rivolva za Marekani, kama za kiwanda cha Colt, za enzi ya kuhamia Magharibi, hasa zile zilizochorwa nakshi na kuvishwa mipini ya pembe za ndovu. Barua zimemiminika, nyingi kutoka kwa wasomaji walioko Marekani na Uingereza, ambako vitu hivi huuzwa minadani. Tumechagua zile zenye jambo la kufaa wengi.

Kwanza tuelewane kwenye neno moja. Tukisema "bastola ya fataki" tunamaanisha ile isiyotumia risasi za ganda. Baruti inamiminwa kwenye kila chumba cha silinda kwa mbele, risasi inashindiliwa juu yake, na fataki inavishwa kwenye chuchu ya nyuma. Anayelijua gobore ameshaelewa: hili ni gobore la mkononi lenye vyumba vitano au sita.

Swali: Meli zilizo kwenye silinda

*Wahariri, salaam. Nimenunua Colt ya mwaka 1851, ile iitwayo Navy. Silinda yake imechorwa meli za vita zikipigana, kazi nzuri ajabu, na kuna tarehe ya 16 Mei 1843. Muuzaji alisema bei imepanda kwa sababu ni bastola ya nakshi. Juzi nimeona nyingine kwa rafiki yangu, ina meli zilezile. Je, nimepigwa? – Msomaji, Columbus, Ohio*

Jibu: Kwenye neno "nakshi" umepigwa. Kwenye bastola yenyewe huenda hukupigwa.

Mchoro wa meli uko kwenye silinda ya kila Navy iliyotoka kiwandani, na zilitoka zaidi ya laki mbili kati ya mwaka 1850 na 1873. Haukuchorwa kwa mkono kwenye silinda yako. Fundi wa New York aitwaye Waterman Ormsby alichonga picha hiyo kwenye rola ya chuma kigumu, kisha rola ikaviringishwa kwa shinikizo juu ya kila silinda, kama muhuri wa duara. Vita vyenyewe ni vya Campeche, kati ya meli za Texas na za Mexico. Ndugu zake Navy nao wana picha zao: Colt ndogo ya mfukoni ya 1849 ina majambazi wanaovamia gari la abiria la farasi, na zile kubwa za Walker na Dragoon zina askari wapanda farasi wakipigana na Wahindi Wekundu.

Navy iliyonakshiwa kweli utaijua kwa kutazama kila mahali isipokuwa silinda. Tazama ubavu wa fremu, bega la mtutu pale mtambo wa kushindilia unapoanzia, ukanda wa nyuma ya mpini, na nyundo. Kwenye kazi nzuri za miaka ya 1850 na 1860, nyundo mara nyingi ina kichwa cha mbwa mwitu kilichochongwa huku uwanja wa nyuma yake ukiwa umejaa nukta. Juu ya mtutu, badala ya anwani ya kawaida iliyopigwa kwa muhuri, unaweza kukuta jina "Saml Colt" limechorwa kwa mkono kwa herufi za kizamani zenye mikia.

Hata hivyo, usizidharau meli hizo. Mchoro wa rola hauna kina, kwa hiyo ndio wa kwanza kufutika, na hapo unakuwa kipimo kizuri cha uchakavu. Kama meli zinaonekana hadi kamba za matanga ilhali kingo za fremu zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika, silinda hiyo imetoka kwenye bastola nyingine. Toa kabari iliyo ubavuni mwa mtutu, vua mtutu na silinda, usome namba. Inapaswa kuwa moja kwenye silinda, chini ya mtutu, kwenye fremu, kwenye kingo ya kifyatulio, chini ya mpini na hata kwenye kabari yenyewe. Kabari hupotea kirahisi, hivyo kabari pekee ikiwa na namba tofauti si msiba. Silinda ikiwa na namba tofauti, rudi kwa muuzaji mzungumze bei upya.

Swali: Dakika kumi kabla ya mnada

*Shikamooni wataalamu. Kuna mnada karibu nasi, wanauza Colt Single Action Army, ile ya mwaka 1873 na kuendelea. Imechorwa majani na mizabibu kuanzia mdomo wa mtutu hadi mpini, na imepakwa nikeli. Orodha inasema "imenakshiwa", basi. Haisemi lini wala na nani. Nitaruhusiwa kuishika kama dakika kumi. Nitazame nini? – Msomaji, Denver*

Jibu: Marahaba. Ukimya wa orodha hiyo tayari ni nusu ya jibu, kwa sababu nyumba ya mnada yenye ushahidi wa nakshi ya kiwandani haiuachi nje ya maelezo.

Nakshi ni za aina tatu, na bei zake hazikaribiani. Ya kwanza ilifanyiwa kiwandani kwa Colt, mjini Hartford, ambako Cuno Helfricht alikuwa mkuu wa wanakshi tangu 1871 hadi 1921. Ya pili ilifanywa wakati uleule lakini nje ya kiwanda. Wafanyabiashara wa New York walinunua bastola tupu wakawapa mafundi wa mjini, na maarufu kuliko wote ni Louis Daniel Nimschke, Mjerumani kama walivyokuwa wengi wa mafundi hao. Hii ni nakshi halali na wakati mwingine inaizidi ya kiwanda kwa uzuri. Ya tatu ilichorwa juzi, juu ya bastola kuukuu iliyokuwa tupu kwa miaka mia moja. Fundi wa leo anaweza kuwa hodari sana, na hapo ndipo penye hatari.

Nenda na lenzi ya kukuza mara kumi, tochi ndogo na glavu. Tochi usiimulike kwa juu. Ilaze ubavuni mwa chuma ili kila mfereji utupe kivuli.

Anza na vitu visivyo vya kupendeza, yaani kingo na matundu ya skrubu. Kwenye fremu ambayo haijawahi kusagwa, mdomo wa tundu la skrubu ni mkali na uso unaolizunguka ni bapa. Ukiona tundu limekaa kwenye kibonde kidogo kama kisahani, chuma kiliwahi kupelekwa kwenye gurudumu la kung'arishia. Kisha soma tarehe za hataza upande wa kushoto wa fremu. Bastola za mwanzo zina Septemba 19, 1871 na Julai 2, 1872. Za baadaye zimeongezwa Januari 19, 1875. Herufi ziwe na kina sawa. Mstari mmoja ukiwa umefifia upande mmoja tu, msasa ulipita hapo.

Sasa yatazame maua, lakini usiyatazame yenyewe. Tazama yanavyokutana na makovu. Tafuta kishimo cha kutu, mkwaruzo au kibonde, ujiulize kipi kilitangulia. Mtu akichora kwenye ukuta uliobanduka chokaa, mstari wake hushuka ndani ya shimo na kupanda upande wa pili. Nakshi mpya hufanya hivyohivyo: mfereji wa jani unashuka ndani ya kishimo cha kutu na kukata ukingo wake safi. Kwenye nakshi ya kale, kutu ndiyo inayoula mfereji, na kingo za jani zimemegekamegeka pale kishimo kilipoingia. Ukipata sehemu moja tu ya namna ya kwanza isiyo na utata, huhitaji dakika zilizobaki.

Ukivuka hapo, chungulia ndani ya mfereji. Mafundi wale walitumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, wakigonga taratibu, kwa hiyo chini ya lenzi mfereji wenye mpindo huonyesha vituo vidogovidogo, kama ngazi, kila pigo na alama yake. Mfereji wa leza una sakafu yenye chembechembe na upana usiobadilika. Tazama pia nukta zinazojaza uwanja kati ya majani. Kazi yake ni ileile ya kuchimba uwanja kwenye mlango wa Lamu, kulifanya jani lisimame. Zilipigwa moja moja kwa mkono, kwa hiyo zinasongamana hapa na kupwaya pale. Zikiwa zimejipanga kama wavu wa dirisha, shaka.

Nikeli nayo inasema. Kama ilipakwa baada ya kuchora, imelala hadi ndani ya mifereji. Kama mfereji umeipasua nikeli na chuma au shaba inachungulia chini, nakshi ilikuja baadaye. Na kama nikeli ni nene hadi majani yameota mafuta na kingo zote zimekuwa duara, bastola ilipakwa upya. Kwenye kazi nyingi za Colt za nikeli, nyundo na skrubu zilibaki na rangi ya buluu. Aliyepaka upya mtaani mara nyingi alizamisha kila kitu, pamoja na nyundo na hata chemchemi za ndani.

Mwisho, uchakavu wenyewe. Mkono na ala ya ngozi havisugui kila mahali kwa usawa. Pande mbili za mdomo wa mtutu, ngao ya nyuma ya silinda na ukanda wa mpini hulika kwanza. Ule mfereji mwembamba kati ya mtutu na bomba la kutolea maganda haufikiwi na kitu. Kwa hiyo nakshi ya kweli ina sehemu iliyofifia na sehemu kali, na sehemu hizo ziwe pale unapozitarajia. Nakshi na chuma vizeeke pamoja, hilo ndilo unalolitafuta kwa dakika zote kumi. Nakshi kali juu ya chuma chakavu ni mgeni. Nakshi iliyofifia sawasawa kila mahali ni kazi ya gurudumu, haikufifishwa na miaka.

Kama bastola yako ni ya kipenyo cha .44-40, kuna zawadi ya ziada. Kuanzia 1878 hadi karibu na 1890, jina "Colt Frontier Six Shooter" liliandikwa upande wa kushoto wa mtutu kwa tindikali, si kwa muhuri. Maandishi hayo ni mepesi mno. Msasa kidogo tu na yanatoweka. Ukiyakuta yakisomeka kwenye mtutu wa miaka hiyo, mtutu huo haujaguswa.

Saini ya fundi isikulevye. Wengi hawakutia saini kabisa. Jina kubwa lililokaa mahali pa wazi liwe sababu ya kuangalia mara mbili.

Swali: Barua ya kiwanda

*Nauliza kuhusu barua za kumbukumbu zinazotolewa na kiwanda. Je, nikiwa nayo, mambo yamekwisha? – Msomaji, Phoenix*

Jibu: Yamepungua, hayajakwisha. Idara ya kumbukumbu ya Colt hukutafutia namba yako kwenye vitabu vya zamani, kisha hukuandikia kipenyo, urefu wa mtutu, rangi, aina ya mpini, ilipelekwa kwa nani, tarehe gani, na ilikuwa miongoni mwa bastola ngapi kwenye shehena hiyo. Neno moja, "engraved", likiwemo kwenye mstari huo, umepata unachokitaka. Barua ikisema buluu na mpini wa mbao, na wewe umeshika nikeli na pembe, kuna mtu aliibadilisha baada ya kutoka kiwandani.

Lakini barua inazungumzia namba, haizungumzii chuma kilicho mkononi mwako. Wapo waliotafuta namba yenye barua nzuri wakaipiga kwenye bastola nyingine. Kwa Single Action Army soma namba mahali patatu: chini ya fremu, kwenye kingo ya kifyatulio na chini ya ukanda wa nyuma ya mpini. Linganisha umbo la tarakimu. 4 yenye mdomo wazi hapa na uliofungwa pale ni swali. Uso wenye kibonde chini ya namba ni jibu.

Kwa bastola za fataki usitegemee sana barua. Moto wa Februari 1864 uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda cha Hartford pamoja na ofisi yake, na kumbukumbu za miaka ya kabla zimebaki chache. Anayekuuzia Navy ya 1855 kwa ahadi kwamba "barua inakuja", mwambie ije kwanza.

Kumbukumbu zikibaki zinaweza kuwa tamu. Bat Masterson, aliyewahi kuwa sherifu kule Dodge City, aliagiza Colt kadhaa moja kwa moja kiwandani, na barua yake ya Julai 1885 ipo: anataka mtutu mfupi, nikeli, na shabaha ya mbele iwe ndefu na nene kuliko kawaida. Karatasi ya namna hiyo huweza kuzidi nakshi kwa thamani. Colt aliyoitumia sherifu Pat Garrett kumuua jambazi Billy the Kid mwaka 1881 ni tupu, haina hata ua moja, na mwaka 2021 iliuzwa mnadani Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6.

Swali: Kung'arisha

*Nina Navy yenye shaba kwenye mpini, imepata rangi ya kahawia na madoa meusi. Na Smith & Wesson ya nikeli yenye ukungu wa kijani kwenye maua. Nisafishe kwa Brasso? Huku kwetu joto na unyevu ni vingi. – Msomaji, Houston*

Jibu: Hapana, na kwa Navy tunasema hapana mara mbili. Yale madoa meusi kwenye shaba huenda ni mabaki ya fedha. Kanda za mpini za Navy nyingi zilipakwa fedha nyembamba kiwandani, na fedha hiyo huwa nyeusi inapozeeka. Brasso dakika tano, umeondoa kitu kilichokaa miaka 160. Mabaki hayo hubaki zaidi kwenye pembe za kingo ya kifyatulio; mnunuzi mjuzi huanza kuchungulia hapohapo.

Kwa nikeli: kitambaa cha pamba na tone la mafuta mepesi ya madini. Ukungu wa kijani uliomo ndani ya mifereji utoe kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu, chini ya lenzi. Usiguse kingo ambazo nikeli imeanza kuinuka, na usitumie dawa yoyote yenye amonia; hupenya kwenye nyufa, hula shaba iliyo chini na nikeli hubanduka vipande vipande. Waya wa kusugulia sufuria usiingie chumba kimoja na bastola hizi.

Ukimaliza, futa mafuta yote na upake nta ya uhifadhi, ile wanayotumia makumbusho, nyembamba kama pumzi kwenye kioo, kisha ifute. Mafuta peke yake hutiririka na kuingia kwenye mpini.

Usihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi. Ngozi ina tindikali za kutengenezea na hushika unyevu. Kesho utakuta mchoro wa ala umehamia kwenye chuma. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 50. Chuma kingependa pakavu zaidi, lakini pembe za ndovu zikikauka mno hupasuka kwa urefu wake. Ndiyo maana pakiti nyingi za kukausha ndani ya sanduku lililozibwa, pamoja na mpini wa pembe, ni kosa la kawaida. Weka kipimo cha unyevu cha bei ndogo humo ndani ujue unachokifanya.

Swali: Mpini wa pembe na safari ya nyumbani

*Marehemu mume wangu aliniachia Colt ya mwaka 1889 yenye nakshi na mpini wa pembe za ndovu. Ninaishi New Jersey, mwakani narudi Nairobi. Naweza kwenda nayo? Au niiuze? Au niuze mpini peke yake? – Msomaji, Newark*

Jibu: Pole sana kwa msiba, dada. Tuanze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye hasara kubwa: usiutenganishe mpini ili kuuza.

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya Julai 2016 ilibana biashara ya pembe za ndovu karibu yote, lakini iliacha upenyo kwa vitu vyenye pembe kidogo: chini ya gramu 200, ikiwa ni sehemu iliyofungwa kwenye kitu kikubwa zaidi, isiyozidi nusu ya ujazo na thamani yake, na yenye historia halali ya kuingia nchini. Mpini uliofungwa kwenye bastola unaweza kupita hapo. Ukiung'oa, unabaki na kipande cha pembe tupu, na upenyo umefungwa. Isitoshe, upenyo huo ni wa mauzo ya ndani ya Marekani tu, na majimbo yana sheria zao. New Jersey yako, New York na California ni kali kuliko shirikisho, kwa hiyo wakili au nyumba ya mnada yenye uzoefu ikusomee sheria ya jimbo kabla hujatangaza.

Kwenda nayo Nairobi ni milango miwili, na yote ni mizito. Mlango wa silaha: sheria ya shirikisho ya Marekani huzihesabu bastola zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa vitu vya kale, lakini msamaha huo hausafiri na wewe. Andika kwa Bodi ya Leseni za Silaha ya Kenya, upate jibu la maandishi, kabla ya kufunga mizigo. Mlango wa pembe: Kenya, chini ya sheria yake ya wanyamapori ya 2013, haina mzaha na pembe za ndovu, na umri wa bastola si utetezi wa kuutegemea uwanja wa ndege. Kwa maoni yetu, bastola ibaki Marekani kwa mtoto au ndugu unayemwamini, au iuzwe nzima huko kwa kufuata sheria.

Kabla ya lolote, thibitisha kuwa ni pembe. Tazama sehemu ya chini ya mpini kwa lenzi: pembe za ndovu zina mistari myembamba inayokatana kama ukili wa mkeka. Plastiki haina, mfupa una vitone vyeusi. Usichome sindano ya moto kama wanavyoshauri wengine; ukikosea umeharibu, ukipatia umeharibu pia. Tazama pia ukingo unapokutana na chuma. Pembe hunywea kwa miaka, hivyo mpini wa asili mara nyingi umeshuka kidogo chini ya chuma mahali fulani. Uliokaa sawia kabisa pande zote, chuma cha pembeni kikiwa na mikwaruzo ya msasa, uliwekwa baadaye.

Sisi watu wa pwani tuna sehemu yetu kwenye habari hii. Karne ya 19, pembe zilizopita Unguja zilisafirishwa kwa shehena hadi Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikachongwa vibonyezo vya piano. Hartford ya Colt iko juu kidogo ya mto uleule.

Swali: Smith & Wesson ya Uingereza

*Nina Smith & Wesson No. 3 yenye nakshi, kipenyo .44 Russian, mpini wa pembe. Niliinunua London mwaka 2015 kama pambo, bila cheti. Sasa nataka kuiuza. – Msomaji, Leicester*

Jibu: Ndugu, kabla ya kuuza shughulikia umiliki, leo. Tangu tarehe 22 Machi 2021 kipenyo cha .44 Smith & Wesson Russian kimeondolewa kwenye orodha ya vipenyo vilivyokwisha matumizi, yaani vile ambavyo bastola zake za kale huwekwa kama pambo bila cheti, pamoja na .41 Colt na vingine vitano. Wenye bastola hizo walipewa miezi sita kuomba cheti. Kama hukuomba, muone wakili wa mambo ya silaha kwanza, kisha polisi ukiwa naye. Usiibebe kuipeleka popote.

Suala la mpini ni hesabu. Sheria ya Pembe ya 2018 inaruhusu kuuza kitu cha kabla ya 1947 ikiwa pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo. Watu husikia asilimia 10 wakafikiria uzito. Chukua bastola yenye kilo moja ya chuma: ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 130. Mpini wa gramu 80 tu wa pembe ni kama 44. Umevuka mbali. Kinachobaki ni cheti cha vitu vya kabla ya 1918 vyenye thamani ya pekee ya sanaa au historia, na hicho hakitolewi kwa kila bastola yenye maua.

Swali: Herufi SA

*Single Action Army yangu ina herufi SA mwishoni mwa namba. Ni ya mwaka gani? – Msomaji, Minneapolis*

Jibu: Ni ya 1956 au baadaye. Colt ilisimamisha bastola hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili na kuirudisha 1956 kwa namba zenye SA. Si ya kale kisheria wala kimazungumzo. Hata Colt ya Patton, yule jenerali wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, yenye nakshi ya karakana ya Helfricht na mpini wa pembe ambao watu hung'ang'ania kuuita wa lulu, aliinunua 1916. Nayo haimo ndani ya mpaka wa 1898.

Swali: Silinda iliyokwama

*Nimerithi bastola ya fataki, haijaguswa miongo mingi. Silinda haizunguki. Nataka kuifungua nisome namba. – Msomaji, Tacoma*

Jibu: Kabla ya namba, chukulia kuwa imejaa. Bastola nyingi za fataki ziliwekwa kabatini zikiwa na baruti, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi kwa uzee. Tazama chuchu kwa pembeni: kofia ndogo ya shaba ikiwa imevaa, hiyo ni fataki. Chuchu tupu hazithibitishi kitu, kwani chaji inaweza kubaki ndani.

Elekeza mdomo upande usio na mtu, wala usiweke kichwa wala kiganja mbele ya silinda. Tumia kijiti cha mbao, si cha chuma. Pima kwanza ubavuni urefu wa chumba kutoka mdomo wa silinda hadi usawa wa mzizi wa chuchu, kisha ingiza kijiti kutoka mbele kwenye vyumba unavyoweza kuvifikia. Kikizama kina chote, chumba kitupu. Kikigota njiani, kuna kitu.

Ikiwa kimegota, acha. Usitoboe kwa drili, usipashe moto, usilazimishe nyundo kurudi nyuma. Nyundo ikiteleza juu ya fataki hai, bastola italia. Pia usigonge kabari ilhali vyumba vimejaa. Dondosha mafuta ya kupenya kwenye mdomo wa kila chumba na kuzunguka chuchu, uiache imelala siku kadhaa, lakini usiyaamini mafuta kuwa yameiua baruti. Mtafute fundi wa bunduki anayejua bastola za fataki, na umwambie kwa simu kwamba huenda imejaa kabla hujaitia kwenye gari. Namba utazisoma akishaifungua yeye.